Ng'ombe Nyuma ya Nyumba

Baba hana ng'ombe hata mmoja, lakini kwao Usukumani wanajua ana zizi. Aliondoka huko baada ya kugombana na kaka zake, akaapa atarudi na kundi kubwa kuliko lao. Kundi alilipata kweli, huku bondeni. Likapungua kwa maradhi na kuhamahama, na maksai wa mwisho aliwauza ili nisome, mimi ambaye hesabu zinanikimbia. Sasa anabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Kibaoni.

Kila Jumapili alikuwa akimpigia bibi simu akiwa kando ya zizi la jirani, ili ng'ombe wasikike. Jirani alipohama na mifugo yake, simu zikakoma.

"Mzee, piga tu," nikamwambia. "Ng'ombe nipo."

Nilijua nakula kofi. Akatoa simu mfukoni, akasema, "Usizidishe."

Basi nikawa kundi zima. Viganja mdomoni, nyuma ya nyumba: dume, jike, ndama aliyenyimwa ziwa.

"Yule mwekundu bado yupo?" bibi anauliza.

"Yupo, mayu. Humsikii?" Baba anamjibu mama yake huku amegeukia ukuta.

Masika haya bibi akaugua. Sauti yake kwenye simu ilikuwa imebaki nyembamba.

"Njoo nikuone, mwanangu."

"Ng'ombe nitamwachia nani, mayu?"

Nauli angeipata. Alichoshindwa ni kushuka kwenye basi mikono mitupu, mbele ya kaka zake. Nikalia kama ndama, lakini sauti ikatoka mbovu kabisa. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ndama wako leo ana mafua. Nimemjua siku nyingi. Njoo naye huyohuyo, wengine waache."

Nilidhani imeisha. Tumeshakamatwa, tunaficha nini tena? Baba akakwaruza ukuta kwa ukucha.

"Mpunga ukivunwa, mayu. Tutakuja."

Mpunga ulikuwa bado kijani baba mkubwa alipopiga. Baba alisikiliza amesimama palepale nyuma ya nyumba, na mimi pembeni yake, mikono yangu haijui iende wapi.

"Mama amekwenda," baba mkubwa akasema. Kisha: "Tukutegemee dume la msiba?"

Baba akanishika shingo kwa nyuma, kwa kiganja kile cha magunia.

"Sina ng'ombe, kaka," akasema. "Naja na mtoto."