Maganda Niliyotema Msituni

Mdogo wangu wa kiume ni askari wa hifadhi, katika kisiwa chenye msitu mkubwa upande wa kusini wa ziwa letu. Alinisihi sana niende kumtembelea, nami kila likizo nilikuwa na kisingizio: mitihani ya kusahihisha, migomba ya mama kule Maruku. Ninafundisha baiolojia Rwamishenye. Miaka yote nilichora sokwe ubaoni bila kuwahi kumwona hata mmoja, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka.

Mafua yalinianza njiani, kabla basi halijafika Muleba, na kikohozi kikafuata. Sheria niliijua: mwenye mafua hawasogelei sokwe, kwa sababu ugonjwa unaotufanya sisi tupenge kamasi siku tatu unaweza kuwaua wao. Ninaifundisha mwenyewe. Hata hivyo, mdogo wangu aliponipokea mtumbwini na kuniuliza, "Dada, u mzima? Hukohoi?" nilimjibu, "Mzima kabisa, waitu, ndugu yangu. Ni uchovu wa safari tu." Aliniamini, akanipa barakoa.

Mama alikuwa amenifungia akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa. Nilitia punje kadhaa shavuni. Mate yalilainisha koo, kikohozi kikatulia. Nikajiona mjanja.

Msitu ule ulinisahaulisha uongo wangu. Kasuku walipiga kelele juu yetu, nzohe, yule swala apendaye maji, alisimama kwenye matete akiwa na maji hadi magotini, na mizizi ya mikuyu ilinizidi kimo. Nilifurahi, siwezi kuficha. Kisha tukawaona: sokwe jike akila kuyu juu ya mti, na mwanawe amening'inia kwa mkono mmoja, ananitazama. Machozi yalinitoka ndani ya barakoa.

Kahawa mdomoni ilikuwa imebaki maganda. Kwetu maganda hayamezwi, yanatemwa, tena mtu hutema bila kufikiri. Nilishusha barakoa, nikayatema kwenye majani, nikaipandisha. Mdogo wangu alikuwa mbele, hakuona. Tuliporudi nyuma kuwapisha, yule sokwe jike alishuka, mwanawe mgongoni, kuokota kuyu zilizoanguka. Mtoto akatoka mgongoni, akaenda moja kwa moja pale nilipokuwa nimesimama. Akaokota maganda, akayanusa, akayatia mdomoni.

Mdogo wangu alipiga makofi kumshtua, lakini alikuwa amechelewa.

"Umetema nini?"

"Kahawa."

"Hapa? Kwa nini ulikuwa unatafuna kahawa?"

Nilifungua mdomo nimdanganye tena, kikohozi kikanijibia.

Mawe, mama yangu, nilitamani anitukane! Alinirudisha kambini kimya, akaingia ofisini kwao na kueleza yote, kosa langu na lake la kutonipima vizuri. Lake halikuwepo, lakini alilitaja. Jioni hiyo hiyo nilivushwa kurudi Muleba.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu wakati wa mapumziko. Nilitoka nje ya ofisi ya walimu.

"Dada, yule mtoto alianza kukohoa Jumatatu."

"Anaendeleaje?"

"Alikufa jana. Mama yake bado anambeba. Anamfukuzia nzi."

Niliegemea ukuta. Alisema daktari wa wanyama hana hakika, kwamba ugonjwa ungeweza kutoka kwingine, labda kwa wavuvi wanaoingia kwa siri. Nilimshukuru kwa maneno hayo ingawa sikuyaamini, na nadhani hata yeye hakuyaamini. Nikamwomba radhi. Naye akaniuliza:

"Siku ile, ungeniambia unaumwa, ulidhani ningekufukuza?"

Kengele ya vipindi iligonga, nami sikutoka pale ukutani.

"Ningekaa nawe kambini, Dada. Ningekupikia uji. Ningekuonyesha viboko pale ufukweni. Sokwe ungewaona mwaka kesho."