Vatikani Nyuma ya Boma Letu

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mpima ardhi, na kazi hiyo ilinifundisha kutoamini kinywa cha mtu mahali ambapo utepe wa kupimia unafika. Nimeona ndugu wakiapa juu ya kaburi la baba yao kwamba mpaka unapita kwenye mti fulani, na mti wenyewe umepandwa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mke wangu aliponiuliza, akiwa kitandani, nchi ya Baba Mtakatifu ni kubwa kiasi gani, sikumjibu papo hapo. Nilimwambia nitachunguza.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Wanawake wa parokia yetu, aliowaongoza tangu watoto wetu wakiwa wadogo, walikuwa wameondoka kwenda kuhiji Roma bila yeye. Nyonga yake ilikuwa imeharibika. Daktari wa Migori alimkataza safari, akampangia upasuaji siku ya Jumatatu. Moyo wake nao haukuwa imara, na daktari hakutuficha kwamba huenda asiamke. Hilo alilipokea kwa utulivu. Kilichomliza ni hija.

Nilikwenda Rongo, katika maktaba ya chuo kikuu, nikasoma vitabu viwili na kulinganisha ramani tatu. Niliporudi nilimwambia: hekta arobaini na nne.

"Hekta hazinielezi kitu, Mzee," alisema. "Umewapimia watu wote wa upande huu mashamba yao. Mimi hujanipimia hata bustani ya sukuma wiki. Nipimie mji huo, niukanyage."

Nyuma ya boma letu, upande wa Sindo, kuna uwanda wa malisho unaoteremka kuelekea ziwani. Tunautumia pamoja na jirani yangu, Msabato, na sehemu kubwa ni yake. Kwa asubuhi nne nilipima peke yangu kwa utepe na dira, nikipigilia vigingi vyenye vitambaa vyeupe: ukuta, uwanja wa mbele, kanisa kuu, bustani. Nilipofunga mzunguko nilirudia hesabu, nikidhani nimekosea. Ng'ombe mwenye kiu angeivuka nchi nzima kwenda kunywa maji bila kupumzika njiani. Nimepima mashamba ya miwa yaliyo makubwa kuliko dola hiyo, na hakuna balozi aliyewahi kutumwa kwenye miwa.

Ijumaa alasiri nilikuta vigingi vyote vya upande wa kaskazini vimeng'olewa na kurundikwa. Jirani yangu alisimama kando ya rundo, panga mkononi, na nyuma yake wachungaji na wanawake waliokuwa wakipaza sauti.

"Jaduong'," aliniita, kama Wajaluo wamwitavyo mzee kwa heshima, ingawa sauti yake haikuwa na heshima yoyote, "tumezika pamoja, tumeoza mabinti pamoja. Leo unatuuza?"

"Nimemuuza nani?"

"Kuna mwekezaji. Watu wanasema umeshakula naye."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Aligeuka nyuma kumtafuta. Kila mtu alimtazama mwenzake.

"Hii ni Vatikani," nilisema.

"Uwi!" mama mmoja akapiga kelele. "Kumbe ni Papa aliyenunua!"

Walicheka, na mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimeliona kosa langu. Mimi ninayechukia uvumi nilikuwa nimepigilia vigingi siku nne katika ardhi ya watu wengine bila kumwambia mtu neno. Katika nchi hii kigingi cha mpima ardhi hakijawahi kumletea maskini habari njema. Niliwaeleza basi habari za mke wangu na za Jumatatu. Jirani yangu aliliweka panga chini. Jua lilikuwa limekaribia maji, na Sabato yake ilikuwa inaingia.

"Kesho sitashika hata kijiti," alisema. "Jumapili alfajiri nitakuwa hapa kuvirudisha vigingi."

"Hutakumbuka vilipokuwa."

"Papa wako simfuati. Lakini shimo nililolifukua kwa mkono wangu nalijua."

Alikuja na jembe kabla ndege hawajaanza kulia. Nilimfuata na utepe, kigingi baada ya kigingi, nikitafuta kosa. Hakuna kilichopotoka zaidi ya shibiri moja.

Tulimtoa mke wangu jua lilipopata joto. Alitembea kwa mkongojo, mimi nikiwa ubavuni, na jirani alitangulia na kiti, akikiweka kila baada ya hatua ishirini. Tuliingia kwa upande wa mashariki, kwenye uwanja wa mbele, na hapo maswali yakaanza.

"Raia wa hapa ni akina nani?"

"Wanaotumikia, na jamaa zao wachache. Hakuna anayekuwa raia kwa kuzaliwa tu ndani. Utumishi ukiisha, kwa kawaida uraia nao unaisha."

"Na sheria anatunga nani?" jirani aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Mamlaka ya kutunga ni ya Papa. Huwakabidhi makadinali na wengine sehemu ya kazi. Serikali ni yake, na mahakama huhukumu kwa jina lake."

"Yote matatu? Sisi hapa hata chifu hatungempa mawili."

"Inuka hapo, shemeji, usinicheleweshe," mke wangu alimwambia. Kisha akanigeukia. "Wanakula nini? Sioni shamba."

"Chakula huingia kwa malori. Maji yanatoka nje ya ukuta. Shamba la ng'ombe wa maziwa wanalo, lakini liko mbali na mji. Wanaishi kwa tiketi za makumbusho, kwa stempu, na kwa sadaka za waumini wa dunia nzima."

"Hata yangu?"

"Hata yako."

Alisimama. Alitazama vitambaa vyeupe vikipepea kusini, kisha kaskazini, ambako mbuzi wa jirani walikuwa wakila nyasi za bustani ya Papa. "Ndiyo hii tu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Na neno lake linatufikia hapa?"

Nilimshika mkono, nikamwelekeza kwenye kanisa kuu.

Mahali pa altare alikaa akasali. Nilimsihi turudi, uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alikataa. Alisema wenzake huko Roma hawatarudi kabla ya kumaliza. Kwa hiyo tuliendelea, hatua kumi sasa badala ya ishirini, kisha tano. Jua lilikuwa limepita utosi tulipofika ukuta wa magharibi. Aliuacha mkongojo uanguke, akakishika kigingi cha mwisho kwa mikono yote miwili, macho yamefumbwa.

Nilijua kipimo cha mahali pale hadi sentimita. Nilivua kofia. Jirani yangu, Msabato, akavua yake.