Afisa Mwenye Huruma Alipokuja Kunichukua

Afisa wa uhamiaji alinifuata kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hoteli, akaniuliza kama nimeiona filamu yake.

Yake. Hivyo ndivyo alivyosema.

Nikaiweka pasi chini. Sura ile nilikuwa naijua.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwaka uliotangulia, huyu huyu alinikamata sina kibali cha kuishi nchini. Akanifungia ofisini kwake, akatoka kuongea na simu. Mimi nikapita dirisha la choo, nikachubuka mbavu, nikamchukua binti yangu, tukahama mtaa.

Kisa hicho nikaja kumsimulia mteja mmoja wa hoteli, mama mpole, mwongozaji wa filamu. Akalia. Akaomba akitengenezee filamu. Nikakubali, mradi nisitajwe.

Ila dirisha hakulipenda.

"Mdogo wangu, watu wanataka kumwona binadamu akibadilika," aliniambia.

Basi kwenye filamu afisa anaitazama picha ya mtoto wangu, machozi yanamlengalenga, anafungua mlango mwenyewe. "Nenda, dada." Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Na mimi nilipiga.

Sasa mwenye mlango kasimama mbele ya pasi yangu.

"Wakubwa zangu wameiona," akasema taratibu. "Wanaamini nilikuachia makusudi. Nimesimamishwa kazi. Mke wangu kaondoka na watoto."

"Umenipataje?"

"Nilimtafuta mwongozaji, akanielekeza. Alidhani nakuja kukusalimia."

Nikampigia mama yule pale pale.

"Amekuja? Yaani mmekutana kweli?" akasema. "Usikate simu, mdogo wangu, ngoja niwashe kinasa sauti."

Nikakata.

Afisa akavuta kiti, akakaa.

"Twende ukawaeleze ulivyotoroka. Ukisema kweli, huondoki nchini bila mwanao. Yuko wapi?"

"Shule."

"Tutampitia tukitoka huko."

Ningefanyaje? Tukaenda.

Nikasimama mbele ya mkubwa wake, nikasema: "Huyu hakunihurumia hata kidogo. Nililia, nikamwonyesha picha ya mtoto. Akaniambia picha ya mtoto kila mtu anayo. Nikatorokea dirisha la choo."

Hakuna neno nililoongeza.

Mkubwa akamrudishia kitambulisho cha kazi. Wakapeana mikono.

Tulipotoka kwenye korido nikamkumbusha. "Kaka, shuleni wanakaribia kutoka."

Akanitazama bila hasira yoyote. Hilo ndilo lililoniuma.

"Umetoka kuwaambia sina huruma," akasema. "Sasa nikikupeleka shuleni, wataniamini vipi?"

Akanifunga pingu, akaniuliza kama zinabana.

Amri ya kuniondoa ilishatoka tangu mwaka ule. Nilipandishwa ndege siku hiyo hiyo, nguo zangu zinanuka sabuni ya hoteli.

Binti yangu alisubiri getini mpaka jirani alipokwenda kumchukua. Na kwa jirani ndiko alikobaki. Siku hizi akinipigia simu ananiita "mama wa huko."

Yule jirani, binti yangu anamwita mama tu.

Wewe unayesoma, mtu akikililia kisa chako, usimkabidhi haraka. Muulize kwanza mwisho anaupeleka wapi. Yeye taa za ukumbi zikiwaka anachukua mkoba wake anakwenda nyumbani. Wa kuishi na ule mwisho ni wewe.