Moteri Inayongoja Jua

Patro, tajiri niliyekuwa nikimwendeshea mtumbwi, alinitumia mtu asubuhi, niende mwaloni, pale mitumbwi inapotua, nikamwashie moteri yake ya mtumbwi. Ile ile. Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba naziba tairi ya baiskeli, kazi ninayofanya tangu niliache ziwa. Yule mjumbe akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Patro anasema weye ndiyo unaijua," akasema. "Kuna mutu ametoka Kabezi kuinunua. Na inakataa kuwaka."

Nikamaliza kuziba tairi, kisha nikaenda. Watu wameniuliza kwa nini nilienda. Hasira ninayo siku zote, lakini siku ile nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, unauona, hausikii kitu.

Moteri hiyo ndiyo iliyotuzimikia katikati ya ziwa, mimi na mwenzangu, tukirudi na mzigo kutoka ng'ambo, Kongo. Tulitoka jua likiwa kali na ilinguruma vizuri, hata tukaimba. Kabla ya alfajiri baridi ikashuka. Ikakohoa, ikanyamaza. Nilivuta kamba mpaka ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kamba. Upepo wa kusini ukatukuta tumekaa ubavu, mwenzangu akasimama apige kasia kwa ubao, wimbi likamtoa. Hivyo tu. Hapo siandiki zaidi. Mtumbwi ukanitupa kwenye mawe karibu na Minago, umejaa maji nusu, moteri bado imefungwa nyuma, kavu.

Kwenye matanga, patro alisema mbele ya watu wote: "Moteri yangu iko muzima. Huyu alilala." Na kesho yake mchana aliwapeleka mwaloni, akavuta kamba wakiona. Ikawaka. Kamba mara moja tu. Basi, nani angenisikiliza mimi tena? Niliacha shule nikiwa mdogo, maneno ya kujitetea mbele ya kikao sikufundishwa.

Wako watu wanaosema yaliyopita yaache. Mimi nawataja wenye makosa. Majina siandiki, si kwa woga, ila tunakaa pwani moja na watoto wao wanacheza na wangu. Lakini kila mmoja akisoma atajijua. Wa kwanza ni patro. Kisha shefu wa mtaa, aliyekalia kiti cha katikati kwenye kikao cha matanga akinywa bia ya patro, akaniambia nitubu. Kisha wale wenye vituo vya petroli, waliofungia esansi ndani, ikawa tunainunua kwenye chupa kama dawa ya kienyeji. Kisha wenzangu wa majini, waliojua kabisa kwamba mimi silali mtumbwini, wakatazama vidole vya miguu yao.

Aliyeniumiza kuliko hao wote simhesabu. Ni mke wa marehemu. Mumewe na mimi tulikuwa ndugu kuliko ndugu, na yeye aliniita shemeji, akinipakulia bila kuniuliza kama nina njaa. Tangu matanga hakunisalimia. Anauza mawese pale pale mwaloni, nikipita anageukia madumu yake. Kwa watu akinisema alisema "yule". Kitu nilichokitaka duniani kilikuwa hicho kimoja: ajue kwamba sikulala.

Nikafika. Ziwa lilipopanda lilikula safu ya kwanza ya nyumba, kwa hiyo stoo ya patro sasa ndiyo iko ukingoni, na nguzo ya umeme imesimama majini haina kazi. Moteri, iliyokaa stooni tangu matanga na esansi yake ile ile ndani, walikuwa wameifunga kwenye mtumbwi uliovutwa mchangani. Yule mnunuzi wa Kabezi, mwanaume mnene mwenye kofia ya plastiki, alikuwa ameshachoka.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," patro alikuwa anambembeleza. "Asubui iko na kiburi. Jua ikipanda itawaka, utaona. Nilikuambia ukuje muchana."

"Muzee, hii ni moteri ao ni mujusi? Mujusi ndiyo inangoja jua."

Watu wakacheka. Patro naye akacheka, kisha akaniona, akaacha.

"Amahoro," akanisalimia. "Uivute tu. Weye itakusikia."

Nikaanza kazi kama inavyoanzwa. Nikatoa buji, ile plagi ya cheche, nikaikausha na shati langu, nikaigusisha kwenye chuma, nikamwambia mmoja avute kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Moto upo, basi. Nikairudisha. Nikaminya kile kipira cha kuvutia esansi; kilipaswa kuwa kigumu mkononi, lakini kilikuwa kizito kwa namna nyingine, kama kimejaa uji. Nikafungua mpira unaoingia kwenye kabirateri. Esansi ilitoka kwa matone, haitaki.

"Ni uchafu ya ziwa hiyo," patro akasema nyuma ya bega langu. "Pulizia na kinywa, inatosha."

Nikafungua skrubu za chini ya kabirateri, nikatoa kile kikombe chake kidogo ambamo esansi hukaa ikingoja kuingia. Ndani hakukuwa na uchafu. Kulikuwa na kitu kimeganda, rangi ya chungwa, laini, kimeshika kikombe chote mpaka kwenye kile kitundu chembamba kama cha sindano. Nikakichokoa kwa ukucha. Hakikunuka esansi peke yake.

Nilijua. Mtu wa Rumonge, mji wetu wa michikichi, hawezi kukosa kujua. Lakini mimi nikisema, nani angeamini? Yule aliyelala.

Nikainuka na kile kikombe mkononi, nikaenda nacho moja kwa moja mpaka pale mke wa marehemu alipokaa. Alikuwa amewasha moto wa mawe matatu, na dumu lake limekaa ndani ya sufuria ya maji, analipasha. Kila asubuhi analipasha hivyo, wauza mawese wote wanafanya, kwa sababu baridi ya usiku ikishuka mawese huganda na hayamiminiki mpaka yaone moto au jua.

Nikanyoosha mkono. Alitazama mkono, si uso wangu. Nilifikiri atageuka.

"Nini hiyo?" akasema.

"Imetoka mu moteri."

Akatia kidole. Akakisugua na kidole gumba, akanusa.

"Iko mawese," akasema. Kisha akatazama dumu lake ndani ya maji ya moto, akatazama tena kikombe. Niliona anavyoifuata ile njia mwenyewe, sikumsukuma. "Mulitoka na jua."

"Na jua."

"Ikazimika kwa baridi."

"Kwa baridi."

Akainuka, akajifunga kitenge upya, akatangulia. Mimi nikamfuata na kikombe. Akasimama mbele ya patro karibu sana.

"Patro, esansi ya mutumbwi wako nani alikuwa anaichanganya?"

Moteri ya aina hii haina mafuta yake ya pembeni, lazima mafuta ya moteri yachanganywe ndani ya esansi kabla ya safari. Kila mtu pale alijua nani alichanganya. Esansi ilipokosekana, patro aliifungia stooni, akachanganya mwenyewe, akatukabidhi dumu tayari. Hakutuamini, alisema tutamwibia.

"Aah, mama," patro akasema, na alikuwa bado na kile kicheko cha kumbembeleza mnunuzi mdomoni. "Wakati ule mafuta ya moteri ilikuwa wapi? Kila mutu alikuwa anajipanga tu. Mawese nayo si mafuta?"

"Muzee, moteri haikuli ugali," yule wa Kabezi akasema. Safari hii hakucheka mtu.

Patro akaona alichokisema. Nilimwona akikitafuta kinywani akirudishe. Akaanza kusema kwamba wengi walifanya, kwamba Mungu ndiye anayepanga, kwamba kwanza yule marehemu hakujua kuogelea vizuri. Shefu wa mtaa hakuwepo. Wenzangu wa majini walikuwepo, na vidole vya miguu yao vilikuwa palepale.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo muda mrefu. Nilidhani ikija nitapiga kelele, au nitalia, au nitamshika patro shingo. Nilisimama na kikombe cha kabirateri, jua likikifikia, na yale mafuta yakaanza kulainika na kunichuruzika kwenye kidole. Nilifikiria tairi niliyoiacha nyumbani, kama kiraka kimeshika.

Nikakiweka kikombe juu ya jiwe, na skrubu zake kando, nikaondoka. Waliikusanya wengine. Nasikia aliiosha fundi mmoja wa Kizuka, na mnunuzi akaichukua hatimaye. Inanihusu nini.

Mke wa marehemu alinifikia kabla sijatoka mwaloni. Alikuwa bado ameinua kile kidole, hakukifuta.

"Shemeji," akasema.

Neno nililolitaka. Likaja hivyo, mchangani, kati ya madumu.

"Hukulala."

"Sikulala."

"Alikuja kwangu huyu patro. Kabla ya safari yenu. Aliniomba mawese ile ya chini ya pipa, ile nzito watu hawapikii. Akasema iko ya kupaka mbao za mutumbwi." Alikuwa anatazama kidole. "Nikamupa. Nikamushukuru na kumushukuru, kwa kuwatunzia mutumbwi. Iko yangu hii, shemeji. Mimi ndiyo nilimupa."

Sikujua hilo. Kama ningelijua nisingekipeleka kile kikombe kwake, ningekimwaga ziwani nibaki "yule" mpaka kufa. Lakini nilikuwa nimekwisha kukipeleka.

"Weye haumo," nikamwambia.

"Simo wapi?"

"Mu wenye makosa. Mimi nawajua wote, mumoja mumoja. Weye haumo."

Alitaka kufuta kidole kwenye kitenge, akaacha, akaenda ukingoni pale nguzo ya umeme ilipo, akainama akanawa. Mawese hayatoki kwa maji peke yake. Alisugua kwa mchanga.

Sasa nikipita asubuhi ananiambia amahoro, shemeji, nami nasema amahoro. Wakati mwingine ananiuliza habari za watoto. Najibu, napita. Dumu lake liko motoni kama zamani. Ila ile ya chini ya pipa hauzi tena. Anaimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, na mtu akija kuiulizia anamwambia imekwisha.