Siku Yakubu Alipokimbiza Gari

Yakubu alikuwa dereva wa teksi mjini Nanyuki, na tangu ashike usukani hakuwahi kuandikiwa kosa hata moja. Alizaliwa mtaa wa Majengo mjini Nyeri. Babake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kubeba mizigo ya wazungu, akaoa binti Mkikuyu aliyesilimu, na nyumbani mwao Kiswahili na Kikuyu vilipokezana hata ndani ya sentensi moja. Uhuru ulipokuja, mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao alimuuzia gari lake, Pijo ya kijivu, na kwa Pijo hiyo Yakubu akawa mtu.

Aliiendesha kama anayebeba mayai. Abiria wenye haraka walimkimbia. Waliompenda ni wanawake wenye mimba, wazee wanaotoka hospitali, na watu waliobeba vyombo vya udongo. Vijana wa stendi walimwita Bwana Arusi, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa ule wa gari la harusi, naye hakukasirika. Alikuwa ameona malori mengi yamelala chali kwenye mteremko wa Naro Moru, na hakuona cha kuchekesha.

Mkewe aliitwa Chiku, naye pia mtoto wa Majengo. Chiku alilelewa na mama peke yake, Bi Mwanabibi, mwanamke mrefu mkavu aliyepika vitumbua alfajiri akaviuza mlangoni pake mpaka watoto wake wote wawili wakawa na nyumba zao. Mwaka ule petroli ilipopanda bei na serikali ikapunguza mwendo wa magari barabarani, Bi Mwanabibi alianza kuvimba miguu. Chiku alitaka aje Nanyuki aishi nao. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema ataangalia mwezi ukiandama, na Chiku akachukua hilo kuwa ndiyo.

Asubuhi moja ya Jumanne Yakubu alikuwa amewapeleka wageni kwenye ranchi moja upande wa Timau. Aliporudi stendi jua likiwa limepanda, alikuta mwenye duka la vitambaa anamngoja nje, akipangusa mikono kwa kanzu wakati mikono haikuwa na kitu. Duka lile lilikuwa na simu. Shemeji yake Abdulkadir, nduguye Chiku, alikuwa amepiga kutoka Nyeri tangu mapema. Bi Mwanabibi alifariki baada ya sala ya alfajiri. Walikuwa wanamwosha, na wangemzika baada ya adhuhuri, kwa sababu maiti haisubirishwi. Wangejitahidi kumngojea Chiku autazame uso wa mamake kabla sanda haijafungwa, ila hawangeweza kungoja sana. Na neno la mwisho la Abdulkadir lilikuwa hili: Chiku asiambiwe njiani. Yakubu amwambie mama ni mgonjwa na anamwita. Mengine atayakuta nyumbani, mikononi mwa wanawake wenzake.

Ndivyo ilivyofanywa siku zote. Habari ya kifo haikupewa mtu akiwa safarini, asije akaanguka au akachanganyikiwa mahali pasipo na watu wake. Yakubu mwenyewe alikuwa amewabeba watu wa namna hiyo katika gari lake, wakienda kumwona mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. Hakuona ubaya. Alikwenda nyumbani, akamkuta Chiku anaanika nguo, akamwambia mama amezidiwa kidogo na anataka kuwaona. Chiku hakuuliza mengi. Alimvisha binti yao Rehema gauni safi, akachukua kanga mbili na chupa ya asali, wakaingia garini, yeye na mtoto wakikaa nyuma.

Walipoupita mji tu Chiku akaanza kuzungumza. Alisema afadhali mama amezidiwa sasa, maana hatakataa tena, wataondoka naye leo hii hii. Alipanga kitanda kitakaa wapi. Dirisha la chumba cha uani lina ufa, upepo wa mlima utamuumiza mifupa, itabidi Yakubu aite fundi. Godoro la sufi ndilo zuri, lile la majani linamchoma. Na asali hii ni ya msituni, mama huipenda na maji moto. Aliongea kwa furaha kidogo, furaha ya mtu anayekaribia kushinda ubishi wa muda mrefu. Rehema akauliza kama bibi atamfundisha kumimina vitumbua. Chiku akasema ndiyo, kila asubuhi.

Yakubu alishika usukani na kuitikia kwa koo. Alitazama jua, akatazama barabara, na mguu wake ukashuka. Miti ya uzio ilianza kupita upesi. Walipolipita lori la mbao kwa kasi, Chiku alinyamaza katikati ya neno. Kutoka hapo Yakubu alisikia tu mlio wa injini ambayo hakuwahi kuisikia ikilia namna ile.

Ilikuwa kwenye ule mnyoosho mrefu kabla ya kufika Kiganjo. Askari mmoja alikuwa amejificha kwenye kichaka na bendera, na mwenzake mbele yake akiwa na saa mkononi, wakipima mwendo wa magari kati yao. Yule wa mbele alitoka katikati ya barabara na kuinua mkono. Yakubu alisimama, vumbi likawapita.

Askari alikuwa kijana, viatu vinang'aa, kofia imekaa sawasawa. Aliomba leseni kwa adabu. Alisema mwendo waliokuwa nao umezidi ule wa sheria, tena si kidogo, na akauliza, "Mzee, uko na haraka ya nini na mtoto ndani ya gari?"

Yakubu alifungua mlango akashuka. Alisema kwa sauti ya chini, "Afande, naomba tuongee kando."

Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakujua. Katika barabara zile, aliyeomba kuongea kando na askari alikuwa na noti mkononi. Kijana yule uso ulimbadilika. Huenda alikuwa mpya kazini, huenda alikuwa ameapa kwamba yeye hatakuwa kama wengine. Alirudi nyuma hatua moja na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kichakani:

"Kando ya nini? Kama iko na maneno, sema hapa, mbele ya familia yako."

Yakubu alimtazama. Alikuwa na neno moja tu la kumwokoa, na neno hilo lilikuwa halijafika masikioni mwa mtu aliyekaa nyuma ya gari, dirisha likiwa wazi. Akasema hana la kusema. Askari akafungua kitabu chake juu ya boneti, akaanza kuandika: jina, kijiji, namba ya gari. Aliandika polepole, kwa herufi za shule. Yakubu alisimama kando yake mikono imelegea, akitazama kivuli cha gari jinsi kilivyofupika.

Chiku ndiye aliyesema. Hakushuka wala hakuinua sauti.

"Mwambie, Baba Rehema."

Yakubu hakugeuka.

"Mwambie mama amekufa. Umenichukua kwa mwendo wako siku zote, hata siku nazaa huyu mtoto. Kwa mgonjwa hungekimbia hivi."

Kalamu ya askari ilisimama. Alimtazama Yakubu, akamtazama yule mwanamke aliyeweka chupa ya asali magotini na mtoto aliyekuwa anamwangalia mama yake mdomoni. Akavua kofia. Aliuliza kama ni kweli, na Yakubu akatikisa kichwa kukubali. Askari alisema ukurasa umeshaandikwa na una namba, hawezi kuuchana, mkubwa wake atauliza. Alimpa karatasi ya kufika mahakamani Nyeri wiki ya pili. Kisha akamfungulia mlango mwenyewe, akasema, "Poleni sana, mama. Endeni, lakini mwende salama."

Kilometa zilizobaki Yakubu aliziendesha kwa mwendo wa sheria. Chiku alilia kidogo, bila sauti, akimkumbatia Rehema, kisha akaacha. Yakubu alijaribu kusema kwamba ni Abdulkadir aliyeagiza. Chiku akamwambia atazame barabara.

Walifika Majengo wanaume wakiwa wamejaa uwanjani, jeneza liko tayari mlangoni. Wanawake waosha maiti walikuwa wamekataa kuufunga uso. Mmoja wao, mkongwe aliyekuwa jirani ya Bi Mwanabibi toka enzi za Hali ya Hatari ya wakoloni, alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba na kuwaambia wanaume kwamba mtoto wa huyu yuko njiani. Chiku aliingia. Alimtazama mamake, akambusu kwenye paji la uso, akatoka na kanga kichwani akitembea wima. Watu walishangaa. Walikuwa wamejiandaa kumshika, na hakuhitaji kushikwa.

Mazishi yalikwisha, na Chiku akabaki Nyeri na wafiwa wenzake. Yakubu alirudi kazini. Kila alipokuja kuwatazama, Chiku alimpa chai, alimuuliza habari za nyumba, basi. Halikuwapo neno baya kati yao, wala halikuwapo neno jingine lolote.

Siku ya mahakama Yakubu alikwenda peke yake. Alipoitwa kizimbani aliona mwanamke aliyejifunika buibui ameketi benchi la mwisho, akamtambua kwa mabega. Hakimu alimsomea kosa, naye akakiri. Akaulizwa kama ana jambo la kuomba lifikiriwe kabla ya hukumu. Yakubu alifikiri. Angeweza kusema kuhusu msiba, na hakimu alionekana mtu wa kusikia. Alisema hana. Alitozwa faini ya kosa la kwanza, akalipa dirishani, akatoka nje.

Chiku alimngoja kwenye ngazi. Walitembea kuelekea Majengo, wakapita soko, na hapo penye kelele za wachuuzi ndipo alipofungua kinywa.

"Mbona hukumwambia hakimu?"

Yakubu alisema kifo cha mama si cha kupunguziwa faini.

Chiku aliongoza njia mpaka walipolimaliza soko. Kisha akasema, "Sikukasirika kwa kukimbia. Kama hungekimbia nisingemwona. Nimekasirika kwa vile uliniacha. Nilikuwa nakuambia mambo ya godoro, Yakubu. Uliniacha nipange chumba cha maiti kutoka Nanyuki mpaka karibu na Kiganjo, na wewe unaitikia."

Miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajamwita kwa jina lake peke yake. Yakubu alisema hakujua namna nyingine ya kufanya. Chiku akajibu kwamba anajua hakujua, na ndiyo sababu anamwambia. Kwamba angelia ndani ya gari, sawa, lakini angemlilia mama yake. Angepata safari nzima ya kuwa na msiba wake kabla ya kuukabidhi kwa watu. Alipomaliza, alimpa mkoba wake auchukue, maana ulikuwa mzito, na wakaenda nyumbani kwa Abdulkadir kula.

Tangu hapo watu wa Nanyuki walianza kusema kwamba dereva yule ni mtu mgumu. Yakubu hakukubali tena kumbeba mtu aliyefichwa habari ya kifo. Wengine walimwona hana huruma, wengine walisema Waislamu wana mambo yao, na biashara kidogo ilimpotea.

Siku moja alifika mtu mmoja aitwaye Wahome, karani wa kanisa, amevaa koti jeusi. Mama yao alikuwa amefariki Sagana, na dada yake Watiri alikuwa mpishi katika hoteli moja nje ya mji. Wahome alitaka Yakubu ampeleke dada huyo Sagana na kumwambia mama ni mgonjwa. Yeye mwenyewe angetangulia kwa gari la kanisa. Yakubu alikataa. Alimwambia amweleze dadake kwanza, kisha atampeleka hata bure. Wahome alikasirika, akasema dada ana moyo dhaifu, ataanguka. Yakubu alimjibu taratibu kwamba akianguka huko hotelini kuna ndugu yake wa kumwinua, lakini garini yuko na mgeni tu.

Wahome alizungusha funguo kidoleni. Mwishowe walikwenda wote wawili hotelini, naye akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Yakubu alisikia kilio, kikubwa kwanza, halafu kidogo. Watiri alitoka akiwa bado amefunga aproni, akaingia kwenye Pijo bila kusalimia.

Yakubu aliendesha kwa mwendo wake. Walipita Naro Moru. Watiri alilia, akanyamaza, akalia tena. Baadaye alianza kumsimulia mama yake, jinsi alivyokuwa akiwalimia watu wengine mashamba ili wao wasome, na Yakubu alimsikiliza. Karibu na Karatina Watiri aliitazama aproni yake kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Aliivua na kuikunja. Akaomba wasimame sokoni kidogo, kwa sababu nyumbani kutakuwa na watu wengi na bila shaka hakuna sukari.

Alirudi na sukari na majani ya chai, na kitambaa kipya cha kichwa. Alijitazama kwenye kioo cha gari, akakifunga vizuri, akajifuta uso. Kisha akamwambia Yakubu, "Sasa twende."