Uzio wa Nyumba ya Mdoli

Nyumba ya mdoli wetu ilipata kibanja kabla ya kupata mlango. Mjomba wangu, seremala mwenye banda lake Nkwenda, alituletea mwanzoni mwa likizo ya Juni ikiwa na kuta nne, sebule, chumba kimoja na paa la bati alilolikata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Mlango alisema atauleta akipata bawaba ndogo za kutosha. Hakuzipata. Mimi na rafiki yangu, binti wa jirani wa upande wa bondeni, hatukuona kuwa mlango ni jambo la haraka. Kilichotusumbua ni kwamba nyumba ilikaa uwanjani peke yake kama kreti tupu la soda. Kwetu Isingiro unaanza kuona migomba, halafu mibuni, halafu moshi, ndipo unajua kuna watu. Nyumba isiyozungukwa na kibanja chake ni stoo.

Naikumbuka sana nyumba ile miezi hii niliyorudi nyumbani baada ya chuo. Nasubiri kazi, na mtu anayesubiri anapata muda wa kufikiria hata asivyopaswa kufikiria. Kwenye simu huwa natazama video za watu wanaopamba viwanja vya nyumba za midoli kwa miti ya plastiki na nyasi za kumwaga kutoka kwenye mfuko. Mti ukikaa vibaya wanaung'oa kwa vidole viwili na kuubandika kwingine. Kila nikiona vile vidole viwili nasimamisha video.

Mahali pa kuiweka tulipachagua wenyewe. Kati ya kibanja chetu na chao kulikuwa na kichuguu cha zamani, mchwa walishahama, kilele kimesawazika kama meza. Migomba haikukipenda, kwa hiyo baba yangu na baba yake wote walikiacha. Pale yeye alifika kwa kupanda hatua chache na mimi kwa kushuka hatua chache, na hakuna mama aliyeweza kutuita bila kupaza sauti.

Kazi ikaanza. Mdoli wetu alikuwa wa nyuzi za mgomba, urefu wake kama kiganja, na mimi nilitaka kila kitu kilingane naye. Mgomba wa kumtosha unatoka wapi? Tulijaribu vichipukizi vya magimbi, vikawa vipana mno. Mdoli akaonekana kama amekimbilia chini ya mwavuli. Mwishowe tukaotesha punje za mahindi karibu karibu, na majani yalipofunguka tukayapunguza kwa mkasi wa mama wa kushonea. Ukipiga goti na kufumba jicho moja, ilikuwa migomba kabisa. Mibuni haikutupa shida. Chini ya mibuni mikubwa ya baba huota miche kutoka kwenye kahawa zilizoanguka, yenye majani mawili ya mviringo kama kipepeo aliyetua. Tuliihamisha na udongo wake. Nyasi fupi za uwanja tulizibandua kwenye mawe ya chemchemi, zile laini za kijani zinazoota penye unyevu. Nyasi kavu tulizikata vipande vidogo na kuzitandaza chini ya migomba ili ardhi isikauke, kama wakubwa walivyofanya.

"Mche huu unampita kichwa," nilisema siku moja. "Sasa huo ni mbuni au ni mti wa kivuli?"

"Ni mbuni."

"Mbuni haupiti kichwa cha mtu hivyo ukiwa bado mchanga."

"Basi mdoli ni mfupi. Watu wafupi wapo." Rafiki yangu alikuwa amelala kifudifudi, anafyeka kijinjia kwa kijiko. "Wewe ungeumba dunia, mpaka leo tungekuwa tunasubiri."

Yeye ndiye aliyesema lazima pawe na kaburi. Alilitengeneza mbele ya nyumba, mviringo wa kokoto nyeupe na ua la njano katikati. Bibi yangu alipopita kuokota kuni aliliona, akaweka mkono mdomoni.

"Mnamzika nani, nyie watoto?"

"Shikamoo bibi. Babu yake mdoli."

"Marahaba. Liondoeni mara moja, mtaita msiba!"

"Lakini bibi," rafiki yangu akasema, "kibanja kisicho na kaburi ni cha watu waliofika jana."

Bibi akaendelea na njia yake ya kuni. Mimi nilidhani amekasirika. Sikujua kuwa maneno yale mtoto alikuwa ameyasikia kwao, mezani. Babu yake alitoka Rwanda na watoto wadogo na mbuzi wawili, na babu yangu ndiye aliyemkatia eneo lile la bondeni. Babu yake huyo amezikwa pale, mbele ya nyumba yao, na baada ya miaka yote ile bado wapo waliowaita wageni.

Uzio ulikuja mwisho. Bustani ilipokamilika niliona haina mahali inapoishia, inamwagikia tu kwenye magugu, na jambo hilo lilininyima raha. Tukaenda nyuma ya bafu la nje, ulipokuwa mulamula mkubwa, mmea ule wenye majani marefu kama panga ambao huku kwetu hupandwa kwenye mipaka, tukakwanyua vichipukizi vya pembeni. Tulivichomeka kimoja kimoja kuzunguka kibanja cha mdoli. Kwa kuwa upande wa juu wa kichuguu ulikuwa na mawe, nusu kubwa ya uzio ilikaa upande wa chini. Tukarudi nyuma kuangalia. Rafiki yangu akashika kiuno. "Sasa hata akija mkuu wa wilaya, tunampokea."

Shule ilifunguliwa, mvua za vuli zikaanza, na Desemba nilipelekwa kwa shangazi Kayanga. Mahindi yetu yalirefuka na kuipita nyumba, magugu yakafunika kaburi. Lakini mulamula ni mmea usiojua kufa. Vichipukizi vilishika, vikatoa majani mapya, vikajipanga wima kwenye ubavu wa kichuguu.

Jirani, baba yake rafiki yangu, alikuwa amekwenda kuzika ndugu yake huko Kimuli, akakaa huko muda. Aliporudi alishuka kupalilia, akaona mstari wa milamula hai ndani ya eneo lake. Alijua fika kuwa sisi tunacheza pale. Baadaye nilikuja kusikia kuwa hilo ndilo lililomtia shaka zaidi: mtu akitaka kusogeza mpaka polepole, si ataanza na michezo ya watoto?

Alikuja jioni, mimi nimesharudi kutoka Kayanga. Baba alimsogezea kigoda.

"Karibu ukae, jirani."

"Nitakaa siku nyingine. Nimekuja kuuliza ni lini tulikubaliana kupanda mulamula kwenye kichuguu."

"Mulamula gani?"

"Ulio hai."

Mama akacheka akiwa jikoni. "Waitu! Ile ya watoto? Ile si ya mdoli!"

"Mama, hakuna mulamula wa mdoli," jirani akasema, hakucheka. "Ukishashika, umeshika."

Na hapo baba, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe, alisema neno baya kuliko yote. "Basi mzee, kang'oe tu, yaishe."

Jirani alirudi nyuma hatua moja. Huku kwetu mtu hang'oi mulamula peke yake. Hata uliopandwa kimakosa huondolewa mbele ya majirani, na pande zote mbili zikiwepo, kwa sababu anayeung'oa peke yake ndiye atakayeitwa mwizi wa ardhi.

"Ning'oe mimi?" alisema taratibu. "Halafu kesho isemwe mtoto wa mkimbizi amevunja mpaka aliopewa na wenyeji? Hapana. Wewe umeniita shimoni, nami siingii." Akaondoka bila kuaga.

Rafiki yangu hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Nilimkuta chemchemini amekaza macho kwenye dumu lake kama maji yangekimbia. Nikamwita. Akasema kwa sauti ndogo, "Tumekatazwa mpaka ijulikane," akajitwisha dumu likiwa halijajaa. Nyumbani mama aliacha kuwatumia chumvi na wao wakaacha kutuletea maziwa. Nilijua nyumba nyingine mbili, upande wa barabarani, zilizofikishana kwenye baraza la ardhi la kata. Watoto wao walikuwa wakikutana njiani wanavuka upande mwingine. Nililala nikiwaona watoto wale. Nilipanga maneno ya kumwambia jirani, nikayapanga upya, nikaona kila neno linaweza kueleweka vibaya, nikaacha.

Mwenyekiti wa kitongoji aliwaita wote Jumapili baada ya ibada. Watu walikuja na nguo za kanisani, wakakizunguka kichuguu. Katikati kulikuwa na nyumba ya mdoli, bati limeanza kutu, imezungukwa na mabua makavu ya mahindi.

"Nani alipanda?" mwenyekiti akauliza.

Rafiki yangu, aliyesimama nyuma ya kitenge cha mama yake, akajibu kwanza. "Mimi na yeye."

"Kwa nini mlipanda mulamula?"

"Yeye alisema bustani haina mwisho."

Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Huyo atakuwa afisa ardhi," wakacheka zaidi. Hata baba alitabasamu. Jirani peke yake hakucheka, na mwenyekiti alipoliona hilo akainua mkono wakanyamaza.

"Sema, mzee."

"Ninyi mna haki ya kucheka," jirani akasema. "Wengi wenu mkiulizwa mnatoka wapi, mnaonyesha chini ya miguu yenu. Mimi nikiulizwa naonyesha milamula. Baba aliniachia hiyo. Ukiongezeka mmoja nisioujua, silali."

Baba aliinamisha kichwa. Kisha akavua koti lake la kanisani, akampa mama, akaenda kusimama kwenye mulamula wa kwanza. "Njoo tushike wote," akasema. "Nilikosea kukuambia ung'oe peke yako."

Walishika pamoja, mikono minne kwenye kijimti kisichozidi urefu wa goti, wakavuta. Kikatoka na donge la udongo. Wakaenda kwenye cha pili. Watu wazima wawili, wameinama, wanang'oa uzio wa mdoli mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyecheka tena. Halafu ilifungwa kamba kutoka mulamula wa zamani ulioko juu hadi ule ulioko karibu na bonde, ili mpaka uonekane. Kamba ilipita katikati ya sebule ya nyumba yetu ya mdoli.

"Tuache pengo hapa," baba akasema. "Watoto wacheze. Milamula ipite huku na huku, nyumba ibaki."

Nilimtazama jirani. Nakumbuka nilivyomtazama kuliko ninavyokumbuka uso wake.

"Nakushukuru, na moyo wangu umetua," akasema. "Lakini mpaka ujazwe wote. Wewe na mimi tunaelewana. Watakaokuja nyuma yetu wataliona pengo tu, hawataisikia hadithi yake."

Mwenyekiti akakubali, na hata baba, nadhani, alijua kuwa ni kweli. Ile milamula iliyong'olewa ikapandwa palepale kwenye kamba, ikajaza kichuguu chote. Jirani mwenyewe aliibeba nyumba ya mdoli kwa mikono miwili, akaipandisha hadi uwanjani kwetu, akaiweka chini polepole, kisha akainama na kupangusa udongo kwenye paa kwa mkono wa shati lake jeupe. Mama akamletea kigoda. Safari hii akakaa, akanywa uji, akacheka kuhusu mambo mengine.

Baba yangu na yeye wameelewana tangu siku ile. Wamezikiana, wamesindikiana kwenye harusi, na mwaka jana baba alipougua, jirani ndiye aliyemkatia nyasi za ng'ombe. Nimejaribu mara nyingi kutafuta jinsi jambo lile lingeweza kwisha vizuri zaidi, na sijaipata. Wakubwa walifanya kila kitu sawasawa.

Jumamosi iliyofuata rafiki yangu aliruhusiwa kuja kucheza. Nilimsubiri upande wa kichuguu kwa mazoea, nikiwa nimeshakusanya miche ya mibuni ya kuanzia upya. Hakutokea huko. Alizunguka kwa barabara, amevaa viatu na gauni la kitambaa kizuri, nywele zimepakwa mafuta, akasimama mwanzo wa uwanja wetu, mahali alipokuwa hajawahi kusimama.

"Hodi," akasema.

Nilikuwa na udongo mikononi. Mama alinisukuma bega kidogo ili nijibu. "Karibu," nikasema, nikaenda kumletea kigoda.