Shangazi zangu walikuja kunichukua Panda

Leo asubuhi, tukinywa chai, mume wangu ameniuliza swali alilolikalia tangu wakati wa Zaire.

Wakati ule tulikuwa tunakaa mji wa Panda, kwenye kambi ya kampani ya migodi iliyomwajiri mume wangu. Daktari aliniamuru nipunguze mwili kwa sababu ya presha. Nikakonda, nikabaki nusu.

Matiti yalibaki kama mifuko mitupu, na ngozi chini yake inachubuka kila siku. Wakanipasua hospitali, wakapunguza ngozi, wakayapandisha.

Nikamwambia mume wangu: habari ya matiti yangu usimwambie mtu.

Hakumwambia mtu.

Sasa, kwetu mke akikonda anaulizwa mume. Shangazi zangu wawili wakafika na valizi tupu, masanduku ya kubebea nguo zangu.

"Papa Jeanne, bunga ya kampani unaipelekaka wapi? Mutoto yetu anakonda, weye unanona."

Aliangalia chini. Wakamwita mwizi wa posho, mbele ya majirani. Siri yangu hakuitoa.

Walipoanza kukunja vitenge vyangu, nikafungua blauzi. Wakaona mishono.

Wakaviacha vitenge.

Kisha shangazi mkubwa akasogea karibu, akatazama vizuri.

"Na bamama bazee kama miye, huyu docteur anabapokeaka?"

Tulicheka sote, isipokuwa mume wangu.

Basi leo ameweka kikombe chini.

"Mama Jeanne, kama haungefungua blauzi, ungeenda nabo?"

Nimemwambia chai yake inapoa.

Wamama, nipeni jibu. Ameenda misa, atarudi sasa hivi.